Mfumo wa Kazi za Pamoja Unalipa? Namna ya Kupima kwa Ofisi Zenye Vituo Mtwara na Lindi

Mwuzaji wa programu akija ofisini atakuonyesha idadi ya ujumbe uliotumwa, idadi ya vikao vya video na grafu inayopanda. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoingia kwenye hesabu za mwaka. Ofisi iliyotuma ujumbe 9,000 kwa mwezi inaweza kuwa imefanya kazi kidogo kuliko iliyotuma 2,000, kwa sababu nusu ya ujumbe ule ni watu kuulizana faili liko wapi.

Mwongozo huu ni wa ofisi zenye makao Mtwara mjini na vituo mbali: Masasi, Newala, Nachingwea, Lindi. Kampuni ya ghala, wasafirishaji, chama kikuu cha ushirika, wakala wa forodha, wote wanaweza kuutumia. Tunaposema programu za kazi za pamoja tunamaanisha vitu kama Microsoft Teams, Google Workspace, Zoom, majedwali yanayojazwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na hifadhi ya mafaili ya mtandaoni. Kiasi cha fedha, muda na idadi katika hesabu zifuatazo ni mfano tu, wa kampuni ya kubuni ya ghala na malori. Weka namba zako.

Hatua ya 1: Chagua kazi mbili au tatu

Usipime ofisi nzima, hutamaliza. Chagua kazi yenye mwanzo na mwisho unaoonekana, inayotokea angalau mara 30 kwa mwezi wakati wa msimu, na inayopita mikononi mwa watu wa vituo zaidi ya kimoja. Kwa biashara ya korosho, tatu hujitokeza zenyewe:

- Lori kufika getini hadi kuondoka na nyaraka zake zote.
- Dokezo la masurufu, yaani ombi la fedha za matumizi ya kazi, kutoka kituoni hadi fedha kutoka.
- Kusuluhisha tofauti ya uzito kati ya mizani ya chama cha msingi (chama cha ushirika cha wakulima kijijini) na mizani ya ghala kuu.

Hii ya tatu wengi huisahau, nayo ndiyo hula simu na muda kuliko zote. Mzigo umepimwa kijijini, umesafiri, umepimwa tena, kilo hazilingani. Karani wa chama ana karatasi yake, mtunza ghala ana yake, picha ya mizani iko kwenye simu ya mtu ambaye leo yuko shambani.

Kwa kila kazi uliyochagua, jibu swali hili kwa maandishi: ikifanyika haraka zaidi au kwa makosa machache, nani atalipa fedha kidogo, na punguzo hilo litaonekana kwenye kitabu gani? Kama mhasibu hawezi kutaja kitabu, iondoe kazi hiyo kwenye orodha ya fedha.

Siku hiyohiyo andika kiwango cha kukubali au kukataa. Mfano: "Mwisho wa mwaka wa pili, fedha zilizookolewa mwaka huo zisipozidi gharama za mwaka huo kwa angalau asilimia 10, tunapunguza au tunaacha." Mkurugenzi atie sahihi. Kiwango kinachowekwa baada ya matokeo kujulikana huwa kinafuata matokeo.

Hatua ya 2: Pima hali ya mwanzo kabla ya kufunga chochote

Hapa ndipo vipimo vingi hufa. Programu inafungwa Septemba kwa haraka ya kuwahi msimu, Februari bodi inauliza imesaidia nini, na hakuna anayejua mambo yalikuwaje kabla. Kukumbuka hakutoshi, kwani watu hukumbuka siku mbaya kuliko zote.

Andaa daftari, la karatasi kabisa, lenye safu saba: namba ya kazi, tarehe na saa ya kuanza, tarehe na saa ya kumaliza, idadi ya watu waliopitia, idadi ya simu za kuuliza, kosa lililorudisha kazi nyuma, na fedha iliyotoka. Anayejaza awe mtu aliyepo kazi inapotokea, yaani karani wa getini au wa mizani, tena ajaze papo hapo. Daftari linalojazwa saa 11 jioni kwa kukisia unalitambua kirahisi: saa zote zinaishia na 00 au 30.

Jaza kwa wiki 4 zisizopungua, wiki 6 ni bora, na ziwe wiki za msimu. Kama malori ni mengi mno, chukua kila la tano, lakini usimwachie karani achague, maana atachagua siku tulivu.

Maneno yafafanuliwe kabla. "Lori limefika" maana yake ni nini? Limefika kwenye foleni barabarani, au limeingia getini? Masasi wakihesabu foleni na Newala wakihesabu geti, tofauti ya saa 9 utakayoipata ni ya ufafanuzi tu. Ufafanuzi huo uandikwe ndani ya jalada la daftari, mbele, kila anayefungua auone.

Ukifika kwenye kujumlisha, usitumie wastani peke yake. Tuseme madokezo saba ya masurufu yalichukua saa 5, 6, 6, 7, 8, 9 na 70. Lile la saa 70 lilisubiri mwidhinishaji aliyekuwa safarini. Wastani ni karibu saa 16, na hakuna dokezo hata moja lililochukua muda huo. Yapange kwa ukubwa uchukue la katikati: saa 7. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya ofisi yako. Lile la 70 liandike pembeni kama tatizo tofauti, kwa sababu dawa yake pengine haina uhusiano na programu: ni kuteua mwidhinishaji wa pili.

Na hali ya mwanzo isiwe "hatuna kitu". Ofisi zote hizi tayari zina makundi ya WhatsApp. Picha za stakabadhi zinapita humo, idhini zinatolewa humo kwa dole gumba, malori yanapangwa humo. Unapima tofauti kati ya WhatsApp pamoja na karatasi, na mfumo mpya. Mwuzaji atakulinganishia na ofisi ya barua na masijala peke yake. Mkatalie.

Hatua ya 3: Weka kituo cha kulinganisha

Msimu wa korosho huanza Oktoba na kuisha karibu na Januari. Ufuta wa Lindi una miezi yake ya katikati ya mwaka. Ukipima Novemba bila programu, kisha ukapima Machi ukiwa nayo, kila kitu kitaonekana kimeharakishwa, kwa kuwa Machi ghala ni tupu. Linganisha Novemba na Novemba, wiki ya mnada na wiki ya mnada.

Hata hivyo msimu mmoja haufanani na mwingine. Mvua huwahi au huchelewa, malori huwa mengi au haba, utaratibu wa mnada hubadilika. Mei 2024 peke yake inatosha kuwa somo: kimbunga Hidaya na mafuriko, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga, kisha tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Aliyepima vikao vya mtandaoni wiki ya barabara kukatika aliona muujiza, na aliyepima wiki ya nyaya kukatika aliona hasara. Miezi ya namna hiyo iandike kwenye daftari la matukio na uitoe kwenye hesabu kuu.

Dawa ya msimu kutofanana ni kuanza na vituo viwili na kuviacha viwili. Masasi na Newala wapewe mfumo, Lindi na Nachingwea waendelee kama zamani kwa msimu mmoja. Pima vyote vinne kwa daftari lilelile, kwa miezi ya korosho tu. Mfano wa usiku wa lori kulala likisubiri, ambao mwenye lori alilipwa, kwa kila malori 100:

- Masasi na Newala: msimu uliopita 62, msimu huu 35. Zimepungua 27.
- Lindi na Nachingwea, bila mfumo: msimu uliopita 58, msimu huu 46. Zimepungua 12.

Zile 12 zingepungua hata bila programu, labda foleni zilikuwa fupi. Mfumo unastahili 27 kutoa 12, yaani 15. Ukidai zote 27 umejidanganya karibu mara mbili.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni wivu wa vituo: Nachingwea wakijua wameachwa watapunguza bidii, au wataazima akaunti ya Newala. Waambie wazi kwamba zamu yao ni msimu ujao. Wa pili ni kuchagua kituo chenye meneja hodari kiwe cha majaribio. Utampima meneja. Kama vituo vyenu ni vinne, piga kura ya karatasi kwenye kikapu.

Kabla ya kuamini tofauti, gawa kumbukumbu za kila msimu katika mafungu mawili: zenye namba witiri na zenye namba shufwa. Rudia hesabu kwa kila fungu. Likitoka punguzo la 14 na la 16, una jambo. Likitoka 29 na 1, huna kumbukumbu za kutosha, subiri.

Hatua ya 4: Gharama zote, si leseni tu

Anza na bei ya saa moja ya mtumishi, kwa sababu itatumika mara kadhaa. Chukua mshahara ghafi, ongeza mchango wa mwajiri wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), tozo ya SDL (ya kuendeleza ujuzi) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), na posho za kudumu. Gawa kwa saa za mwezi: sheria ya kazi inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni 195. Mtumishi anayeigharimu kampuni shilingi 975,000 kwa mwezi ana bei ya shilingi 5,000 kwa saa. Ukitoa likizo na sikukuu bei halisi hupanda kidogo, lakini ibaki hivyo. Ni salama zaidi kukosea kwa kushusha.

Sasa mwaka wa kwanza wa mfano wetu, ofisi tatu zenye mfumo (Mtwara, Masasi, Newala):

- Leseni 24, dola 6 kwa mwezi kila moja pamoja na kodi, dola kwa shilingi 2,600: shilingi 4,492,800.
- Intaneti ya ofisi tatu, 80,000 kwa mwezi kila moja: 2,880,000.
- Bando za simu za watu 11 wa uwanjani, 10,000 kwa mwezi: 1,320,000.
- Simu 6 za 300,000 na seti 2 za inveta na betri za 900,000, jumla 3,600,000, zigawanywe kwa miaka 3: 1,200,000.
- Mafunzo, watu 24 kwa saa 12 kwa 5,000: 1,440,000.
- Robo ya muda wa mtumishi anayesimamia mfumo, 300,000 kwa mwezi: 3,600,000.

Jumla ni 14,932,800. Leseni, ambayo ndiyo bei pekee aliyoitaja mwuzaji, ni chini ya theluthi moja.

Kipengele cha mwisho ndicho huachwa sana. Mtu anayefungua akaunti, anayerudisha nywila zilizosahauliwa na kupanga mafaili yupo, hata kama cheo chake kinasema ni karani wa fedha. Usipomhesabu, utashangaa kwa nini vocha za malipo zinachelewa. Na leseni za dola zipangie akiba: shilingi ikishuka kwa asilimia 5, bei yenu imepanda karibu kiasi hichohicho bila mtu kukuandikia barua.

Hatua ya 5: Faida, kwa makapu matatu

Kapu la kwanza ni fedha ambayo kweli haikutoka. La pili ni saa. La tatu ni makosa na hatari. Usiyachanganye.

Fedha kwanza. Safari ya gari la ofisi kutoka Masasi kuja Mtwara kuleta makaratasi ni kama kilomita 200, kwenda na kurudi 400. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakula lita 40. Kwa shilingi 2,800 kwa lita ni 112,000. Posho ya dereva na ofisa mmoja 120,000. Matairi, oili na uchakavu, tuseme 150 kwa kilomita, 60,000. Safari moja ni 292,000. Kama kitabu cha safari kinaonyesha zimepungua 22 kwa mwaka baada ya kutoa punguzo lililoonekana pia kwenye vituo vya kulinganisha, umeokoa 6,424,000.

Angalia lakini sababu iliyoandikwa kwenye kitabu cha safari. Gari linaloleta makaratasi mara nyingi lilileta pia fundi, vipuri na mgonjwa. Makaratasi yakihamia mtandaoni, safari inabaki, sababu tu ndiyo inabadilika. Hesabu safari ambazo hazikufanyika kabisa, na uhakikishe dhidi ya lita zilizonunuliwa. Lita zisipopungua, hakuna kilichookolewa, hata kitabu kikisemaje.

Kisha malori. Wenye malori hutoza kwa usiku. Ukipunguza saa 4 lakini lori bado likalala, hujaokoa hata senti. Ndiyo maana hapo juu tulihesabu usiku uliolipiwa na si saa. Kwa malori 240 ya Masasi na Newala, usiku 15 kwa kila 100 ni usiku 36. Kwa 150,000 ni 5,400,000. Ankara za wenye malori zithibitishe.

Karatasi, wino na fotokopi: soma manunuzi ya miaka miwili, tofauti ni 876,000 katika mfano wetu. Hapa pita haraka, huwa ni ndogo. Ila kagua jambo moja: kama watu wanaingiza taarifa kwenye mfumo halafu wanaichapa ili iwekwe kwenye jalada, mna kazi mbili badala ya moja, na manunuzi ya wino yatakuambia kabla ya mtu yeyote.

Saa sasa, ambazo ndizo hupotosha ripoti nyingi. Tuseme kila dokezo limepunguza nusu saa ya kazi, na madokezo ni 1,100 kwa mwaka. Hizo ni saa 550. Mwuzaji atazidisha kwa 5,000 akupe 2,750,000. Lakini mishahara haikupungua. Mtumishi yuleyule analipwa kilekile, na nusu saa yake imekwenda kwingine, pengine pazuri, pengine kwenye mitandao. Saa huwa fedha kwa njia tatu tu: malipo ya muda wa ziada yamepungua, vibarua wa msimu wameajiriwa wachache, au kazi mpya yenye mapato imefanyika bila kuongeza mtu. Fungua orodha ya mishahara. Katika mfano, malipo ya muda wa ziada ya Oktoba hadi Januari yamepungua kwa 1,400,000. Hiyo ndiyo inaingia. Saa zilizobaki ziandike kama saa, kwenye mstari wake, bila alama ya shilingi. Ukiandika zote mbili umehesabu jambo moja mara mbili.

Jumla ya kapu la kwanza: 6,424,000 + 5,400,000 + 876,000 + 1,400,000 = 14,100,000. Gharama ilikuwa 14,932,800. Mwaka wa kwanza umepungukiwa 832,800.

Usiifiche namba hiyo. Ipeleke kwenye bodi pamoja na sababu: mafunzo ya 1,440,000 hayajirudii kwa ukubwa ule. Bila hayo, na mambo mengine yakibaki vilevile, mwaka wa pili una ziada ya 607,200. Halafu fungua ukurasa wa msimamizi wa programu uone nani anautumia. Mtumiaji hai kwa kazi hii ni yule aliyejaza, aliyeidhinisha au aliyehariri kitu angalau siku 3 kwa wiki wakati wa msimu. Kufungua tu na kusoma hakuhesabiki. Ukikuta ni 16 kati ya 24, leseni 8 zilizolala zinakula 1,497,600 kwa mwaka. Zikatwe, na gharama ya mwaka wa pili inashuka hadi 11,995,200, ziada 2,104,800, takriban asilimia 17.5 ya gharama. Kiwango cha asilimia 10 kimevukwa.

Kwa wasiotumia, usikimbilie kusema ni wavivu. Mara nyingi simu imejaa, mtandao ni dhaifu ndani ya ghala la bati, au fomu ina sehemu 23 za kujaza wakati lori linapiga honi. Punguza fomu hadi sehemu 7 kisha upime tena.

Jambo moja la kutogusa kabisa ni mauzo. Minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/2025 ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, juu sana ya msimu uliotangulia. Ofisi iliyofunga programu mwaka ule na kupima kwa mapato ingeonekana imepata dhahabu, na bei ilipandishwa na soko la dunia, si na jedwali la mtandaoni.

Hatua ya 6: Makosa na hatari

Kapu la tatu lihesabu kwa idadi. Kwa tofauti za uzito, andika: ngapi zilitokea kwa kila mizigo 100, zilichukua siku ngapi kusuluhishwa, na ngapi ziliisha kwa kampuni kulipa. Ile ya mwisho tu ndiyo inaweza kuhamia kapu la kwanza, kwa kiasi kilicholipwa kweli.

Hatari ya taarifa haina bei rahisi, lakini isiachwe. Orodha za malipo ya wakulima zina majina, namba za simu na akaunti za benki. Zikipigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 60, zimesambaa kwenye simu 60 za watu binafsi, na karani akiacha kazi anaondoka nazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaibebesha ofisi wajibu juu ya taarifa hizo. Kipimo chepesi: kila mwezi hesabu picha za orodha za malipo zilizoonekana kwenye makundi. Lengo ni sifuri. Mfumo mpya uliopo ofisini huku picha zikiendelea kupita kwenye WhatsApp umekuongezea gharama na hatari imebaki palepale.

Weka pia daftari la kukatika: saa ambazo umeme au mtandao haukuwepo, kwa kila kituo, na kazi zilizosimama kwa sababu hiyo. Kama Newala hukosa huduma saa 20 kwa mwezi wa msimu na mfumo hauwezi kujazwa bila mtandao, toa gharama ya saa hizo kwenye faida, au tafuta programu inayohifadhi kwenye simu na kutuma mtandao ukirudi.

Hatua ya 7: Ubunifu nao upimwe, kwa subira

Watu wa vituo mbalimbali wakiona kazi za wenzao, mawazo huzaliwa. Karani wa Newala anaona Masasi wanatuma orodha ya mifuko na uzito kabla lori halijaondoka chama cha msingi, naye anaiga. Fungua jedwali moja lenye wazo, kituo lilikotoka, tarehe ya kupendekezwa, tarehe ya kujaribiwa, na hali yake baada ya msimu mzima. Vipimo vitatu vinatosha: mawazo mangapi yamependekezwa, mangapi yamejaribiwa ndani ya siku 30, mangapi bado yanatumika msimu uliofuata. Kipimo cha pili ndicho kinachosema kuhusu uongozi. Mawazo 40 na majaribio 2 maana yake wafanyakazi wataacha kupendekeza kabla ya Desemba.

Fedha ya ubunifu iingizwe tu kwa wazo lililodumu msimu mzima, na kwa njia ileile ya kituo cha kulinganisha.

Maoni ya wafanyakazi yaulizwe mara mbili kwa mwaka, kwa karatasi isiyo na jina inayotumbukizwa kwenye sanduku. Meneja asiwepo chumbani. Maswali manne: Unapata taarifa unayoihitaji bila kupiga simu? Kuna kazi unayoifanya mara mbili, kwenye mfumo na kwenye karatasi? Unaitwa kazini kwa ujumbe usiku au Jumapili mara ngapi kwa wiki? Ungeondoa nini? Swali la tatu ni la lazima. Baadhi ya kasi inayosifiwa kwenye ripoti hupatikana kwa watu kujibu ujumbe saa 4 usiku, na hiyo ni kazi ya ziada isiyolipwa.

Hatua ya 8: Ripoti na tarehe

Ripoti iwe kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza: kazi zilizopimwa, namba za katikati kabla na baada kwa vituo vyote vinne, gharama, fedha iliyookolewa, tofauti. Ukurasa wa pili: saa, makosa, kukatika kwa huduma, mawazo, na orodha ya matukio yaliyotolewa kwenye hesabu pamoja na sababu. Madaftari yenyewe yakae kwa mhasibu, siyo kwa aliyenunua programu, na mtu wa tatu achague kurasa 10 bila mpangilio azilinganishe na ankara na kitabu cha geti.

Ratiba inayofaa huku kusini: chagua kazi na kura ya vituo Agosti, fafanua maneno na uandae madaftari Septemba, jaza hali ya mwanzo msimu mzima wa korosho. Funga mfumo kwenye vituo viwili na fundisha watu kati ya Machi na Mei, ghala zikiwa tulivu. Msimu wa pili pima vyote vinne, ripoti itoke Februari. Tarehe ya kuhuisha leseni iwekwe baada ya ripoti, siyo kabla: mikataba mingi ya mwaka hujihuisha yenyewe, na ikijihuisha Desemba utalipia leseni zilizolala kwa miezi 12 mingine. Kabla ya kukata akaunti yoyote, hamisha mafaili yake kwenye hifadhi ya ofisi na umwombe mwenye akaunti athibitishe kwamba yamefunguka.